Maandishi ya Mtandaoni Yasitegemee Jukwaa Moja

Usiku wa kuamkia tarehe 10 Machi, 2021 moto ulizuka katika kituo cha kuhifadhi data cha kampuni ya OVHcloud mjini Strasbourg, Ufaransa. Kati ya majengo manne ya kituo hicho, moja liliteketea lote na jingine liliungua kwa sehemu. Hakuna aliyepoteza maisha, lakini kulipokucha tovuti zilizokadiriwa kufikia milioni 3.6 hazikufunguka, zikiwemo za taasisi za umma, maduka na watu binafsi. Nyingi zilirejea baada ya siku au wiki kadhaa. Nyingine hazikurejea, na baadhi ya wamiliki wake hawakuwa wazembe wa kutoweka nakala rudufu. Nakala walikuwa nazo, ila zilihifadhiwa katika kituo kilekile kilichoungua.

Wiki zisizotimia sita baadaye, tarehe 18 Aprili, moto wa nyika ulioanzia katika miteremko ya Table Mountain uliunguza Maktaba ya Jagger ya Chuo Kikuu cha Cape Town, Afrika Kusini, pamoja na sehemu kubwa ya vitabu vya mkusanyiko wake wa taaluma za Afrika. Matukio hayo mawili hayahusiani, lakini yalifika mahali pamoja: kilichokuwa na nakala kwingine kilisalimika, na ambacho hakikuwa nayo hakipo tena.

Suala hili linawahusu Watanzania wengi kuliko inavyodhaniwa. Mashairi, historia za vijiji na koo, maelezo ya masomo, makala za kilimo na ufugaji, mafundisho ya dini na hadithi fupi sasa huandikwa moja kwa moja katika mitandao ya kijamii au katika kurasa binafsi, mara nyingi kwa simu. Simu hiyo ndiyo kalamu, ndiyo daftari na ndiyo kabati. Mwandishi akiulizwa kazi zake ziko wapi, hujibu kwamba ziko mtandaoni, kana kwamba mtandao ni ghala moja lenye mlinzi na ufunguo wake uko kwake. Kwa hakika, kuwa mtandaoni maana yake ni kuwa katika kompyuta ya mtu mwingine, mara nyingi katika nchi nyingine, kwa masharti ambayo mwenye kompyuta hiyo anaweza kuyabadili.

Masharti hayo hubadilika, na majukwaa hufungwa. GeoCities, iliyoanzishwa mwaka 1994 na kununuliwa na kampuni ya Yahoo mwaka 1999, ilikuwa makazi ya mamilioni ya kurasa za watu wa kawaida hadi ilipofungwa mwezi Oktoba, 2009. Google+ ilifungwa kwa watumiaji wa kawaida tarehe 2 Aprili, 2019. Mwaka huohuo MySpace ilikiri kwamba muziki, picha na video zilizopakiwa kwa takriban miaka 12 zilipotea wakati wa kuhamisha seva. Vikundi vya Yahoo vilizimwa Desemba, 2020. Typepad, iliyokuwa ikihifadhi blogu tangu mwaka 2003, ilitangaza mwishoni mwa Agosti, 2025 kwamba ingezimwa tarehe 30 Septemba. Wateja wake walipewa takriban mwezi mmoja kuhamisha maandishi ya miaka mingi. Orodha hii haina kampuni ndogo tu. Ukubwa wa jukwaa haujawahi kuwa dhamana ya maisha yake.

Hata pasipokuwa na tangazo la kufungwa, kurasa hupotea kimyakimya. Utafiti wa taasisi ya Pew Research Center ya Marekani uliotolewa mwaka 2024 ulionesha kuwa asilimia 38 ya kurasa zilizokuwepo mwaka 2013 hazikuweza kufunguliwa tena miaka kumi baadaye.

Kwa mtu mmoja mmoja, hata hivyo, sababu ya kupoteza kazi huwa ndogo na ya karibu zaidi kuliko moto wa Ulaya. Simu huibwa. Nenosiri husahaulika. Akaunti hudukuliwa, na mdukuzi hubadili namba na baruapepe ndani ya dakika chache. Kampuni ya Google ilianza Desemba, 2023 kutekeleza sera inayoiruhusu kufuta akaunti binafsi ambazo hazijatumika kwa miaka miwili. Kuna pia jambo ambalo wengi hawalifikirii, nalo ni namba ya simu. Laini isiyotumika kwa muda mrefu hufungwa, na namba yake inaweza kugawiwa mteja mwingine. Akaunti iliyofungamanishwa na namba hiyo pekee hubaki bila mwenyewe, kwa kuwa ujumbe wa kuthibitisha utambulisho utakwenda kwa mtu asiyemfahamu.

Chukulia mwalimu mstaafu wa Kiswahili aliyetumia miaka minane kukusanya methali, nyimbo za jando na unyago na majina ya mimea ya wilaya yake, akiandika kila wiki katika ukurasa mmoja wa mtandao wa kijamii. Waliomsimulia ni wazee, na baadhi yao wamekwishafariki. Siku akaunti hiyo ikipotea, hakipotei kitu ambacho mwalimu anaweza kukaa chini na kukiandika upya, kwa sababu wasimulizi hawapo. Hasara ya namna hiyo haionekani katika takwimu yoyote, na aghalabu hugundulika pale mtafiti au mjukuu anapokuja kuuliza.

Wazo la kutawanya nakala si geni katika fasihi ya Kiswahili. Mashairi ya Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki takriban mwaka 1840, yaliishi kwa miongo kadhaa katika vinywa vya watu waliokuwa wakiyakumbuka. Mwalimu Sikujua bin Abdallah, mwenyeji wa mji huo, ndiye aliyeyakusanya na kuyaandika kwa hati za Kiarabu mwishoni mwa karne ya 19, akishirikiana na mmisionari Mwingereza W. E. Taylor. Miswada ilifika London, ambako imehifadhiwa katika maktaba ya SOAS, na mwaka 1940 William Hichens alichapisha diwani ya mashairi hayo mjini Johannesburg. Kwa hiyo kazi ya mshairi mmoja ilipita katika kumbukumbu za wasikilizaji, karatasi za mwalimu, maktaba ya ng'ambo na kitabu cha chapa. Kama ingebaki katika chombo kimoja kati ya hivyo, hususan cha kwanza, pengine leo Muyaka angekuwa jina tu. Nchini Tanzania, ukusanyaji wa miswada uliofanywa na J. W. T. Allen katika miaka ya 1960, na kuwekwa katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, uliokoa tenzi zilizokuwa zimebaki katika masanduku ya familia za pwani, ambako mchwa na unyevu havichagui utenzi ulio bora.

Tofauti ya sasa ni kwamba kunakili hakuhitaji tena karani wala wino. Maandishi matupu ni mepesi mno. Kitabu cha maneno 80,000 kikihifadhiwa kama maandishi ya kawaida yasiyo na picha huchukua chini ya megabaiti moja, ilhali picha moja iliyopigwa kwa simu ya kisasa huweza kuchukua megabaiti tatu au zaidi. Gharama ya bando, ambayo mara nyingi hutajwa kuwa kikwazo, ni hoja yenye uzito kwa mpigapicha na mtengenezaji wa video. Kwa mshairi au mwandishi wa makala si hoja kubwa.

Wataalamu wa uhifadhi hufuata kanuni inayofahamika kama tatu-mbili-moja, iliyoenezwa na mpigapicha wa Marekani Peter Krogh: kuwe na nakala tatu za kazi, katika aina mbili tofauti za vyombo, na moja kati ya hizo iwe mbali na nyingine. Kwa mwandishi wa kawaida, hii inaweza kuwa faili iliyo katika kompyuta au simu, nakala katika flashi au diski inayokaa kwa ndugu wa wilaya nyingine, na nakala katika hifadhi ya mtandaoni. Ukurasa ambao wasomaji wanausoma usihesabiwe kuwa nakala ya hifadhi. Huo ni ubao wa matangazo; kazi yake ni kufikisha ujumbe.

Baada ya hapo ndipo swali la kuchapisha katika majukwaa zaidi ya moja linapokuja, na hapa ndipo wengi hujidanganya. Mwandishi anaweza kuwa na kurasa tatu na bado akawa na jukwaa moja. Facebook na Instagram zinamilikiwa na kampuni moja, Meta, na akaunti zake huweza kuunganishwa, kiasi kwamba hatua inayochukuliwa dhidi ya moja huweza kuigusa nyingine. Blogger na Google Drive hufunguliwa kwa akaunti moja ya Google. Ikifungwa, milango yote miwili imefungwa. Vivyo hivyo, akaunti tano katika kampuni tano tofauti, zote zikitegemea baruapepe moja na namba moja ya simu, ni nyumba tano zenye ufunguo mmoja. Mgawanyo wa kweli hupimwa kwa kujiuliza: kitu kimoja kikiharibika leo, iwe kampuni, baruapepe, simu au nyumba, ni nini kitabaki?

Kwa kipimo hicho, mpangilio unaofaa ni kuchagua majukwaa machache yenye wamiliki tofauti, kwa mfano tovuti binafsi yenye jina la kikoa lililosajiliwa kwa jina la mwandishi mwenyewe, pamoja na mtandao mmoja wa kijamii ambako wasomaji wapo. Faida ya jina la kikoa, likiwemo lenye kiishio cha .tz, ni kwamba mwandishi anaweza kuhama kutoka seva moja kwenda nyingine bila wasomaji kubadili anwani wanayoifahamu. Ni sharti lakini ada ya kila mwaka ilipwe kwa wakati, kwani kikoa kilichoachwa huweza kuchukuliwa na mtu mwingine na kutumiwa kwa utapeli chini ya jina la mwenye sifa njema.

Umbo la faili nalo lina uzito wake. Shairi lililowekwa mtandaoni kama picha hupendeza, lakini haliwezi kutafutwa kwa neno, haliwezi kunakiliwa wala kusomwa na programu zinazowasaidia watu wenye ulemavu wa kuona. Kazi ihifadhiwe kwanza kama maandishi. Vilevile, majukwaa makubwa yana huduma ya kumruhusu mtumiaji kupakua kila alichowahi kuchapisha. Google ina huduma hiyo tangu mwaka 2011 kwa jina la Takeout, na Facebook inayo katika mipangilio ya akaunti. Kuitumia mara moja au mbili kwa mwaka huchukua muda mfupi, nayo ndiyo njia rahisi kuliko zote kwa mtu ambaye tayari ameandika kwa miaka mingi bila kuweka nakala.

Kutawanya maandishi kuna hatari zake, na haitakuwa haki kuzinyamazia. Kila akaunti mpya ni mlango mpya. Mwandishi anayetumia nenosiri moja katika majukwaa sita ameongeza hatari badala ya kuipunguza, kwa kuwa kuvuja kwake katika jukwaa dhaifu hufungua yote. Kila akaunti iwe na nenosiri lake, uthibitisho wa hatua mbili uwashwe, na misimbo ya dharura inayotolewa wakati wa kuuwasha iandikwe kwenye karatasi na kuhifadhiwa pamoja na nyaraka muhimu za familia. Wanaotumia kompyuta za umma au za maduka ya kuchapa wahakikishe wametoka kwenye akaunti kabla ya kuondoka. Anayepokea ujumbe wa simu unaomtaka atoe nenosiri au fedha kwa kisingizio kwamba akaunti au laini yake itafungwa anaweza kuutuma kwenda namba 15040, ambayo Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA) imeitenga kwa ajili ya kuripoti ujumbe wa kitapeli.

Hatari ya pili ni kuchanganya matoleo. Mwandishi anaposahihisha makala katika tovuti yake na kuisahau nakala iliyo kwingine, wasomaji wawili watanukuu mambo mawili tofauti, na kosa lililokwisha kurekebishwa litaendelea kuzunguka. Jambo hili ni zito zaidi kwa maandishi ya afya, kilimo na sheria, ambako kipimo cha dawa au tarehe ya mwisho ya ombi ikikosewa inamgusa mtu. Kila nakala ibebe tarehe ya kuandikwa na ya marekebisho ya mwisho, na ioneshe ni ipi iliyo rasmi.

Kisheria, mwandishi hahitaji kulipa ada ili kazi yake iwe yake. Chini ya Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, kazi ya uandishi inalindwa tangu inapobuniwa na kuandikwa, na ulinzi huo hudumu kwa uhai wa mwandishi na miaka 50 baada ya kifo chake. Kuchapisha katika jukwaa fulani hakumpi mwenye jukwaa umiliki, ingawa masharti ambayo wengi huyakubali bila kuyasoma humpa ruhusa pana ya kuitumia kazi hiyo. Mgogoro wa nani aliandika kwanza ukizuka, nakala zenye tarehe katika majukwaa yanayojitegemea huwa ushahidi wenye msaada. Kwa upande mwingine, kuhamia jukwaa jingine hakumwondolei mtu wajibu wake. Anayetoa huduma za maudhui mtandaoni aulize TCRA iwapo shughuli yake inahitaji leseni.

Yapo pia maandishi yasiyopaswa kutawanywa kabisa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei, 2023, inalinda taarifa za watu wengine, hivyo orodha ya wanachama wa kikundi, kumbukumbu za wagonjwa au matokeo ya wanafunzi si mali ya mwandishi ya kurundika katika hifadhi tano za mtandaoni. Mtumishi wa umma anayeweka nyaraka za ofisi katika akaunti yake binafsi, hata kwa nia njema ya kuzilinda zisipotee, anakwenda kinyume na utaratibu. Nyaraka hizo zina mfumo wake chini ya Sheria ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa ya mwaka 2002, na zile za siri zinaweza kumfikisha mahakamani. Kwa kitabu kilichokamilika njia ni nyingine: Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania hutoa namba ya ISBN na hupokea nakala za vitabu vinavyochapishwa nchini, na karatasi iliyo maktabani bado ni nakala isiyohitaji nenosiri wala umeme.

Eneo linalosahaulika zaidi ni la mirathi. Sheria inaipa familia haki juu ya kazi ya marehemu kwa nusu karne, lakini haki hiyo haifungui akaunti. Warithi wengi huwa na simu iliyofungwa kwa alama ya kidole cha mtu ambaye hayupo tena, na kampuni ya kigeni ambayo haimjui msimamizi wa mirathi wala barua ya mahakama aliyoishika. Wakati mwingine familia haijui hata kwamba marehemu alikuwa akiandika kwa jina la utani. Google ina mpangilio unaomwezesha mtumiaji kuteua hadi watu kumi watakaopewa data zake endapo akaunti itakaa bila kutumiwa kwa kipindi alichokichagua, kati ya miezi 3 na 18. Facebook, tangu mwaka 2015, inaruhusu kuteua mtu wa kusimamia ukurasa wa marehemu, na mtumiaji akiridhia mapema, mteule huyo anaweza kupakua machapisho yake. Ujumbe wa faragha hauguswi. Mipangilio yote miwili hufanywa na mwenye akaunti akiwa hai. Ndugu hawezi kuifanya kwa niaba yake baada ya mazishi.

Orodha fupi ya karatasi inayotaja majukwaa, majina yaliyotumika na mahali zilipo nakala, bila kuandika maneno ya siri yenyewe, inaweza kuambatanishwa na wosia. Baadhi ya wazee hawapendi kuzungumzia mambo hayo, na hilo linaeleweka. Kinachoweza kusemwa kwa heshima ni kwamba shamba na nyumba huonekana hata kama hayakuandikwa popote, wakati diwani iliyo ndani ya akaunti haionekani.

Jambo la mwisho ni kujaribu. Nakala ambayo haijawahi kufunguliwa haina hakika ya kuwa nakala. Flashi huharibika ikiwa droo, na faili iliyopakuliwa huweza kuwa tupu. Hata hifadhi kubwa hazina kinga. Internet Archive ya Marekani, iliyoanzishwa mwaka 1996 na kutumiwa duniani kote kutafuta kurasa zilizokufa, ilishambuliwa na wadukuzi Oktoba, 2024, taarifa za akaunti zipatazo milioni 31 zikavuja na huduma yake ikawa nje kwa siku kadhaa. Watumiaji wa Tanzania walikwishaonja kutofikika kwa namna nyingine tarehe 12 Mei, 2024, nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipopata hitilafu na intaneti ikadorora katika nchi kadhaa za Afrika Mashariki. Katika siku hizo seva nyingi zilizo ng'ambo hazikuwa zimeharibika chochote. Mwalimu aliyekuwa na maandalio ya somo katika hifadhi ya mtandaoni pekee aliingia darasani bila maandalio. Mwenye nakala ndani ya simu alifundisha kama kawaida.